Zamu ya Atieno

Adhiambo mwanangu,

Umeenda Kisegi kuaga shangazi zako, na najua utarudi na kuku mkononi na sifa kichwani. Kabla hujafika nimekaa kwenye meza yetu ya mchezo nikuandikie, kwa sababu ukishaingia humu ndani hutanyamaza nikapata nafasi. Kesho asubuhi gari la shule linakuja kukuchukua ukaanze kazi ya ualimu Kehancha. Mdogo wako Atieno yuko jikoni anachambua omena, na ameniambia wazi kwamba gari likija hatatoka nje kukuaga. Mimi nimezaa watoto wawili tu. Sitaki mmoja aondoke huku mwingine amejifungia jikoni.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala uvae sweta. Mwalimu mzima akihitaji kukumbushwa sweta, basi nawaonea huruma hao watoto anaokwenda kuwafundisha. Nataka kukuambia habari ya mchezo. Cheka basi. Watu wa hapa Sindo walishacheka mpaka wakachoka: mama mzima, fundi wa cherehani, mtu wa kanisa, kila Jumapili mchana anakaa na jamaa zake kutupa dadu na kusimulia habari za mazimwi! Nawaacha waseme. Hao hao jioni wanajazana mbele ya runinga kutazama wanaume wazima wakifukuza mpira, na hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuugusa.

Baba yako ndiye aliyeuleta mchezo huu kutoka Kisumu, pamoja na kitabu cha sheria na mfuko wa dadu. Akacheza kidogo akachoka, vile anavyochoka na kila kitu kisichokuwa na injini. Nikauokota mimi. Nikawa msimulizi, yule anayewaeleza wachezaji wanaona nini mbele yao na zimwi limetokea wapi. Kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini, halafu dadu zinaamua kama amefaulu. Nilikuwa na wewe, na baba yako mdogo Ouko, na tangu mwaka jana Atieno. Watu watatu. Ungedhani kuongoza watu watatu si kazi, na mimi nilidhani hivyo hivyo, mjinga mimi.

Jumapili iliyopita ndipo ulipokuwa mchezo wa kukuaga. Acha nikusimulie nilivyouona mimi, kwa maana wewe ukiwa mezani huwa humwoni mtu mwingine. Daraja la kamba limekatika. Mhusika wa Atieno, yule binti mfinyanzi, ameanguka mtoni, na mamba anamjia. Nikamwuliza, "Atieno, unafanya nini?" Akavuta pumzi. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Alikuwa na kitu kichwani, Adhiambo, nilikiona machoni mwake.

"Mimi nita..."

"Naruka!" ukapiga kelele wewe. "Namchoma huyo mamba mkuki!"

Na ukamchoma, si ndiyo? Nyar Nam, binti wa ziwa, yule mwanamke wako wa mkuki ambaye umemlea miaka yote hii mpaka hakuna kitu duniani kinachoweza kumkwaruza. Mamba akafa. Ukamtupa mdogo wako begani kama gunia la mahindi, ukamfikisha ng'ambo. Ouko akapiga meza kwa kiganja, "Huyo ndiye dada, bana!" Wewe ukatabasamu. Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, ukachukua karatasi ya mhusika wako, ukaisukuma mbele ya Atieno na kusema, watu wote wakisikia, "Nakuachia Nyar Nam. Ukiwa na yeye hutakufa kufa tena."

Atieno akaitazama ile karatasi. Hakuigusa. Akainuka, akaenda nje, na kutoka siku hiyo hajakusemesha. Na wewe ukanigeukia, "Mama, huyu ana nini? Nimemwokoa, nimempa mhusika wangu, na bado ananuna?" Nilinyamaza kwa sababu ningejibu, ningejitaja na mimi.

Sasa najibu. Ulimwokoa. Nani alikutuma?

Msichana amengoja mchana kutwa apate nafasi moja ya kusema "mimi nita", na wewe ukaila. Usiniambie ulikuwa unamsaidia. Ulikuwa unajionyesha, na mdogo wako ndiye aliyekuwa jukwaa. Kama kweli ungetaka kumsaidia ungefunga mdomo. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Nyar Nam, na mkuki wake wote, hajawahi kuliweza. Halafu ile karatasi! Umeshavaa nguo ikakuchosha, unamvua mtu yake hadharani ili umpe hiyo, na unataka akushukuru. Chukua Nyar Nam wako uende naye. Atieno hataki makombo.

Lakini hukuzaliwa na kiburi hicho. Nilikupikia mimi hapa hapa mezani, na nitakuambia jinsi gani, ili usije ukapika kingine huko uendako. Umenitangazia kwamba utaanzisha mchezo huu shuleni, na kwamba mwalimu wa hesabu ameshakupigia simu, ati yeye ameucheza tangu chuo na anazijua sheria zote kwa kichwa. Namjua huyo bila kumwona. Na kando yake utaweka watoto wa kidato cha kwanza ambao hawajawahi kushika dadu. Mungu awasaidie.

Mimi ni Mkuria niliyeolewa katika boma la Wajaluo, unajua. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mvua iliponyesha, nilitia mbegu shambani kabla ya mama mkwe. Kwetu nilikuwa nasifiwa kwa bidii. Hapa ikawa kama nimechoma nyumba. Wazee waliitwa, nikasemwa, baba yako akakaa anatazama viatu vyake. Nikajifunza: katika boma hili mkubwa anapanda kwanza, mkubwa anavuna kwanza, na mdogo anafuata nyuma yake. Nikajifunza vizuri kupita kiasi, vile wageni wanavyojifunza.

Kwa hiyo nilipoanza kuongoza mchezo, nikapanga zamu kwa ukubwa. Kitabu kinasema kila mtu atupe dadu ionekane nani anaanza. Niliruka ukurasa huo, nikajiona nina adabu kuliko waliokiandika. Ouko kwanza, kwa kuwa ni baba mdogo. Wewe baadaye, kwa kuwa ni kifungua mimba. Atieno alipojiunga, mwisho. Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza katika boma hili? Hata Atieno mwenyewe aliona ni sawa.

Na unajua kilichotokea. Zimwi linatoka pangoni, Ouko analikata shoka, wewe unalimaliza kwa mkuki, halafu mimi nasema kwa sauti tamu ya kanisani, "Haya Atieno, zamu yako." Zamu ya nini? Ya kufagia? Siku moja aliniambia, "Nilitaka kumwuliza zimwi anaitwa nani." Ouko akacheka mpaka akakohoa. "Amekufa, nyathina, mwanangu! Muulize kaburini." Huyo Ouko, fundi wa injini za maboti, mtu ambaye nyumbani kwake mke hampi hata rimoti, anakuja kwangu kila Jumapili kuua vitu. Nikacheka pamoja naye, mimi msimulizi. Nilicheka, Adhiambo. Bado inaniuma nikikumbuka uso wa Atieno.

Nikaona mambo hayaendi, nikafanya kile ambacho kila msimulizi mvivu hufanya: nikaongeza ukubwa wa mazimwi. Nikachukua nguvu za Ouko, nguvu zako na nguvu za Atieno, nikazijumlisha na kugawa kwa watatu kama mtu anayepima omena kwa gorogoro, na nikajisifu kwamba nimesawazisha. Nikapata zimwi ambalo kwa Ouko ni nzi na kwa Atieno ni lori. Lilimgusa mfinyanzi mara moja tu, akafa. Nikampa mwingine. Akafa. Wewe ulikuwa unasema, "Pole, utazoea." Utazoea nini, kufa?

Basi nikaanza kudanganya. Huu ndio upumbavu wangu mkubwa na naudharau kuliko yote. Nilikunja kitambaa cha kushonea nikakiweka mbele yangu, nikawa natupa dadu nyuma yake. Zimwi likimpiga Atieno, natazama dadu, nasema, "Limekukosa." Linampiga tena. "Limekukosa tena, una bahati wewe!" Nilidhani namlinda. Siku moja aliinuka kuchukua maji, akapita nyuma yangu, akaona dadu inasema nini na mdomo wangu unasema nini. Aliketi, akaendelea kucheza kama mtu anayemaliza chakula asichokitaka ili asimuudhi mwenye nyumba.

Kwa hiyo Jumapili pale mtoni, Adhiambo, alikuwa ameshajua kwamba mama yake anamwonea huruma na kumdanganya. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja, kujaribu mwenyewe na kuona. Hata kama ni kuliwa na mamba, aliwe kwa uamuzi wake. Ukaruka.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili nimelipata kwa aibu. Ukiwa na mwalimu wa hesabu na mtoto mgeni kwenye meza moja, usijiulize zimwi liwe na nguvu kiasi gani. Hakuna kiasi kitakachowatosha wote wawili, acha kutafuta. Jiulize kila mmoja ana kazi gani ambayo mwenzake hawezi kumfanyia. Mwenye nguvu mpe mlango wa kushikilia, mlango ambao akiuachia watu wanakufa, ashikilie hapo na mikono yake yote miwili. Na wakati huo mtoto wa kidato cha kwanza awe ndiye anayeongea na mlinzi, au anayetafuta njia chini ya ghala, na asiwepo mtu mwenye shoka karibu naye. Mwalimu wa hesabu atalalamika. Atasema hajafanya chochote. Mwambie ameshika mlango. Akinuna, mwache anune. Watu wa namna hiyo wamekula zamu za wenzao tangu shule ya msingi na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Na dadu zako zitupe hapo mezani, wazi, kila mtu azione. Mgeni akifa, afe. Ila awe na mlango wa kukimbilia, na awe ameambiwa kabla hajachagua kwamba hatari ni kubwa. Mtoto anavumilia kushindwa kuliko unavyodhani. Kinachomchosha ni kubebwa. Usimfundishe sheria zote siku ya kwanza, na usimwache yule anayezijua amnong'oneze afanye nini. Nimewaona hao wanong'onaji. Wanajiita wasaidizi, na wakimaliza kusaidia wana wahusika wawili, wa kwao na wa yule mtoto.

Nilipofika hapo na akili yangu, nilimwendea Atieno. Ilikuwa juzi. Nikamwambia ukweli wa dadu na kitambaa, na yeye akasema, "Najua, Mama," kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi. Nikamwomba aongoze meza yeye kuanzia Jumapili ijayo, na mimi nicheze na Ouko. Halafu akaniuliza swali ambalo mimi, msimulizi wa miaka yote hii, sijawahi kujiuliza.

"Mama, Adhiambo anashindwa na nini?"

Nilikutungia safari ngapi? Mapango, majoka, mito. Na zote nilizikata kwa kipimo chako, mwanangu, kama gauni, ili zikukae vizuri. Sijakupa hata siku moja kitu ambacho mkuki wako haukufaa. Nilijisikia vibaya, nitasema kweli. Kesho nakutoa nyumbani na hujawahi kuwa mtu dhaifu mezani.

Halafu nikakumbuka kitu, nikaanza kucheka. Atieno akadhani nimechanganyikiwa.

Kehancha, Adhiambo! Unaenda Kehancha, kwetu, kwa watu wangu. Utasimama mbele ya wazazi wa wanafunzi, wazee wenye fimbo, akina mama walionyonya Kikuria, nao watasikia kwamba mama yako ni binti wa huko. Watafurahi. Watakusalimia. Na kwetu salamu si kitu cha kuropoka. Kuna ya mkubwa wako na kuna ya rika lako, na ukimpa mzee salamu ya mtoto atakukumbuka nayo mpaka ustaafu. Wewe utajibu nini? Utawachoma mkuki?

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakusemesha Kikuria. Siku moja tukiwa sokoni, mbele ya rafiki zako, ulinivuta lesso ukasema, "Mama, usiniongeleshe hiyo, wananicheka." Sikukusemesha tena. Nyumba nzima ikabaki na Kiswahili, na hii barua pia. Iliniuma wakati ule na inaniuma sasa, na sitajifanya nimesahau. Lakini hata pale nilikukatia gauni likukae. Nilipaswa kukuacha uchekwe.

Atieno anakijua Kikuria. Hukujua, eh? Ulikuwa unamcheka kwamba kila jioni yuko nyuma ya nyumba na simu, ati ana mvulana huko Sori. Huyo mvulana wake ni nyanya yenu, mama yangu. Wamekuwa wakiongea tangu Atieno akiwa darasa la sita. Anajua salamu zote. Anajua utani wao na namna ya kumnyamazisha mzee bila kumkosea heshima. Nyanya yako anamwita Atieno jina la dada yake aliyekufa, na wewe anakuuliza tu kama umekula.

Kwa hiyo huyo mfinyanzi uliyembeba begani Jumapili, ukiniondoa mimi uliyeninyamazisha sokoni, ndiye peke yake katika nyumba hii mwenye kitu unachokihitaji. Yeye mwenyewe anajua. Nilipomwambia kilichonichekesha, hakucheka. Alisema, "Hawezi kuniuliza. Atasema atajifunza hukohuko." Nikamjibu kwamba pengine ni kweli. Sikukutetea. Nimeacha kutupa dadu nyuma ya kitambaa.

Basi ukirudi kutoka Kisegi usije na zawadi. Usimkumbatie kwa nguvu zako hizo, usimwambie pole, usimpe karatasi yoyote. Usimwambie kwamba unampa nafasi ya kukufundisha, maana najua utaona hiyo ni akili, na ataisikia harufu yake kabla hujamaliza sentensi. Ingia jikoni, kaa chini kwenye kigoda, useme hujui kusalimia na unaogopa. Kwa sababu unaogopa, Adhiambo. Nimekusikia ukigeuka geuka kitandani tangu Jumatatu. Utakosea, na atakucheka, anakudai kicheko... hapana, futa hilo, hana anachokudai. Atakucheka kwa sababu utakuwa unachekesha. Vumilia uanze upya. Na kama atakataa, ameshakataa, ni zamu yake, usilete nguvu.

Sijui atasemaje. Ningekuwa nasimulia mimi ningeshapanga. Lakini tangu nianze kuandika hapa namsikia kule jikoni. Sahani za omena zimenyamaza zamani. Anasema ile salamu ya kumpa mtu mkubwa, anatulia kidogo, halafu anaisema tena, polepole zaidi, neno kwa neno, kama unavyomtamkia mtu ambaye hajaishika vizuri. Nimechungulia mara mbili. Hana simu mkononi, na yuko peke yake.

Mama yako,
Robi